Msonyo kwa Kimombo: 'kunyonya meno' si kunyonya meno!

Kama uko hapa Mpanda mjini, iwe Kashaulili, Majengo, Makanyagio au kule Nsemulwa, naamini umeshapata chai na chapati yako na sasa unatafuta cha kusoma. Kama uko Dar, Mwanza au Mbeya, karibu pia, maana ya leo hayana mkoa.

Wiki hii denti mmoja wa kidato cha tatu alinifuata kijiweni, daftari mkononi, uso umemshuka. Walipewa hadithi fupi ya Kiingereza. Ndani yake kuna bibi anaambiwa na mjukuu wake kwamba hela ya sukari imeshaliwa. Mwandishi anaendelea hivi: "The old woman sucked her teeth." Halafu swali: bibi alijisikiaje?

Denti wetu akaandika kwamba bibi alikuwa na njaa, ndiyo maana akanyonya meno. Mwenzake wa dawati moja akaandika kwamba bibi alikuwa na mabaki ya nyama kwenye meno. Wote wawili wakapigwa kosa.

"Kaka, sasa kunyonya meno ndiyo nini?" akaniuliza.

Jibu fupi nililompa ni hili: bibi alisonya. Basi! Mtoto akashika kichwa, akacheka mpaka wenye bodaboda wakageuka. Jambo analolijua tangu anatambaa, jambo analolisikia sokoni, nyumbani na kwenye foleni ya maji, limemkosesha maksi kwa sababu limekuja limevaa suti ya kimombo.

Jibu refu ndiyo makala haya. Kaa vizuri, maana msonyo una mambo mengi kuliko unavyofikiri.

SAUTI ISIYO NA NENO

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kusonya, au kufyonya kama wanavyosema wengine, ni kuvuta hewa ndani kwa nguvu huku midomo imebanwa na ulimi umeziba kwa juu. Hewa inapita kwa shida, mate kidogo yanasaidia, sauti inatoka. Unaweza kuukata mfupi kama cheche, au ukauvuta mrefu kama treni ya Kaliua inayoingia stesheni ya Mpanda.

Angalia ajabu yake. Maneno yetu yote ya Kiswahili tunayasema kwa kutoa pumzi nje. Msonyo unaingia ndani. Tena hauhitaji mapafu, kazi yote inafanyika mdomoni. Ndiyo maana mtu anaweza kukusonya huku anaendelea kupumua kwa pua bila wasiwasi wowote, uso mkavu kabisa, kama vile si yeye.

Na hauna neno ndani yake. Huwezi kumwambia mtu "rudia ulichosema", kwa sababu hakusema. Atakutazama usoni na kukujibu: "Mimi? Nimesema nini?" Hapo ndipo msonyo unapouma kuliko tusi. Tusi lina ushahidi, msonyo hauna.

Lakini wote mliokuwepo mmesikia. Na wote mmeelewa: huyu mtu ameona ulichosema au ulichofanya hakina maana, au wewe mwenyewe huna maana.

NDUGU ZAKE MSONYO

Hapa vijana wengi wa mjini wanachanganya mambo, kwa hiyo tuwatenganishe ndugu hawa mmoja mmoja.

Yupo kidoko. Huyu ni ule mlio wa ulimi unaogusa nyuma ya meno na kuachia: nts, nts, nts. Kidoko kinaweza kuwa cha masikitiko, kama pale unaposikia mwenzio kaibiwa pikipiki. Kinaweza pia kuwa cha kukataa, au cha kumwambia mtoto kwa upole kwamba hapo umekosea. Kidoko kina huruma ndani yake. Waingereza nao wanacho, wanakiita "tut-tut", na kwao ni kulaumu kwa kistaarabu, kama shangazi anayeona umevaa soksi zenye matundu.

Yupo mguno. Mguno hutokea puani na kooni, "mmh!", na maana yake ni shaka. Mtu akikwambia ana viwanja vitatu vya lami na anakuazima nauli ya bajaji, unaguna.

Yupo jicho. Kumkata mtu jicho ni kumtazama kwa pembeni, kumshusha kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili, kisha kugeuza uso kwa haraka kama umeona kitu kisichofaa kutazamwa. Kina dada ni mabingwa wa hili, tusidanganyane.

Na yupo mdomo wa kubetua, ambao hauna sauti kabisa.

Msonyo ndiye kaka mkubwa wa ukoo huu. Ukiupiga pamoja na jicho, huo ni moto na petroli.

NANI KAUPELEKA KINGSTON?

Sasa turudi kwenye hadithi ya yule denti. Kwa nini Kiingereza kiseme "kunyonya meno"?

Wewe shabiki wa rege na dancehall huenda tayari unajua. Kule Jamaika wanasema "kiss teeth", yaani eti kuyabusu meno. Hakuna mapenzi hapo, ni msonyo. Guyana na sehemu nyingine za Karibea wanasema "suck teeth". Trinidad wanauita "steups", neno ambalo ukilitamka vizuri unasikia msonyo wenyewe. Suriname ni "tyuri". Ukienda kwa Wanaijeria wanaozungumza Kiingereza watakwambia fulani "hissed at me", na usidhani alizomewa na nyoka, alisonywa.

Mwaka 1976 msomi wa lugha John Rickford, mzaliwa wa Guyana, pamoja na mkewe Angela, walichapisha utafiti kuhusu mambo mawili: "cut-eye", yaani lile jicho letu la kukata, na "suck-teeth", yaani msonyo. Waliwauliza watu wa Karibea, Wamarekani weusi na Wamarekani weupe. Wakakuta kwamba watu weusi wengi waliijua ishara hii na kuielewa mara moja, lakini Wamarekani weupe wengi hawakuijua. Walipowauliza watu kutoka Afrika, wakakuta huku nyumbani ipo na ina majina yake kabisa.

Hitimisho lao ni kwamba msonyo na jicho vilivuka bahari kutoka Afrika pamoja na watu waliochukuliwa utumwani.

Hebu yapange mwenyewe majina yake. Wahausa wanasema "tsaki". Wayoruba wanasema "pòṣé". Wafaransa wenye asili ya Afrika na Karibea wanasema "tchip". Brazili wana neno "muxoxo", ambalo lilitoka katika Kikimbundu cha Angola, na x yao inatamkwa kama sh yetu. Mushosho! Sisi tunasema msonyo. Sisemi kwamba ni neno moja, kazi hiyo niwaachie wataalamu, ila masikio yangu yamefurahi.

Na ukifikiri kidogo utaona kwa nini sauti hii ilidumu. Mtu aliyenyang'anywa jina, lugha na ndugu zake, akawekwa shambani chini ya msimamizi mwenye mjeledi, atajibuje akionewa? Akijibu kwa neno atachapwa. Lakini akigeuka na kuvuta hewa kidogo kati ya meno, mwenzake wa mstari wa pili anasikia na anaelewa, wakati bwana haelewi, na hata akihisi, hana la kumshitaki.

Sisi wa huku magharibi ya Tanzania tusijifanye wageni wa historia hiyo. Karne ya 19 njia ya misafara kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo ilibeba pembe za ndovu na watu. Karema, hapo kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879. Watu waliotoka pande hizi wakafika pwani na ng'ambo walisahaulishwa mengi. Misonyo nadhani walibaki nayo.

MWINGEREZA NAYE ANANYONYA

Tulia, usikimbilie kutafsiri. Hapa ndipo pana mtego.

Mwingereza wa London wa ukoo wa zamani naye ana msemo huo huo, "suck one's teeth". Lakini yeye hasonyi. Kwake ni kuvuta hewa kupitia meno yaliyokutana, ssss, kuonyesha mashaka, kusita, au kutoafiki kidogo.

Unataka mfano? Nenda kwa fundi pikipiki yeyote hapa Mpanda. Mpelekee chombo kinachotoa moshi. Atachuchumaa. Atafungua boliti moja. Atatazama ndani. Halafu atavuta hewa, sssss, atatikisa kichwa na kusema: "Hapa kaka, kazi ipo." Hapo wewe mkono unaenda wenyewe mfukoni kuhesabu noti.

Hiyo ndiyo "suck one's teeth" ya Mwingereza! Na kwao pia mafundi ndio wanaosifika kwa hilo. Fundi bomba wa kule na fundi pikipiki wa huku hawajawahi kuonana, lakini wana shule moja.

Kwa hiyo ukikutana na msemo huu kwenye kitabu, jiulize kwanza ni nani ananyonya meno. Kama ni bibi wa Kijamaika au kijana mweusi wa London, huo ni msonyo, kuna dharau au hasira. Kama ni mzee wa Kiingereza anayeulizwa bei ya kukarabati paa, hiyo ni mashaka na bei iko njiani. Maneno yale yale, meno yale yale, maana mbili.

Yule bibi wa hadithi ya denti wetu? Hela ya sukari imeliwa. Fikiria bibi yako angefanyaje. Jibu unalo.

KESI YA MAKANYAGIO

Kama unadhani haya ni mambo ya vitabuni tu, nikupe moja nililolishuhudia kwa macho yangu. Majina nayaweka pembeni, wenyewe wameniruhusu niandike bila majina.

Nyumba niliyokuwa nimepanga chumba, kijana mwenye bodaboda alioa. Mkewe alitoka vijiji vya mpunga huko, binti mpole, salamu yake unaisikia kabla hujamwona. Mama mkwe naye alikuwa akiishi uani hapo hapo. Miezi mitatu ya kwanza amani tupu. Kisha siku moja jioni, sufuria ya migebuka ikaungua.

Mama mkwe alifika jikoni, akasema la kusema. Binti akatoa sauti mdomoni. Mama akatoka nje mbio, mikono kichwani: "Nimesonywa! Nimesonywa na mtoto wa mwenzangu!"

Usiku ule kijana hakulala nyumbani. Kesho yake mama akatangaza kwamba ama binti arudishwe kwao, ama yeye mama afungashe. Kumbuka mahari ilishalipwa, na binti alishakuwa na mimba. Haikuwa mchezo.

Akaitwa mzee mmoja wa mtaa anayesuluhisha mambo ya namna hii. Tukakaa uani, wapangaji wote tukiwa mashahidi kwa sababu kuta za vyumba vyetu zinapitisha kila kitu.

Mzee akaanza kwa utaratibu. "Mwanangu, mama yako anasema ulimsonya. Ni kweli?"

"Shikamoo baba," binti akajibu, macho chini. "Sikusema neno lolote."

"Marahaba. Sikuulizi neno. Nakuuliza sauti. Ulisonya, au ulipiga kidoko?"

Pakawa kimya. Hata mimi niliyezoea kuandika niliona swali hili ni la hakimu mkubwa. Kama ni msonyo, amemdharau mama mkwe. Kama ni kidoko, ameisikitikia sufuria.

"Nilipiga kidoko, baba. Nilisikitika samaki wameungua, na pesa ya kununulia alitoa mama."

"Muongo!" mama akaruka. "Kidoko nakijua! Hakikuwa kidoko! Kilikuwa kirefu hivi..."

Na pale pale, mbele ya mzee wa watu, mama akaonyesha. Akausonya msonyo mmoja mrefu, wa uzito wa juu, uso kwa uso na msuluhishi.

Wewe acha tu! Mzee alijifuta shavu taratibu. Akamtazama mama. Akatutazama sisi. Mpangaji wa chumba cha mwisho ndiye aliyeshindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikasambaa kama moto wa kiangazi. Mama mwenyewe akaziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Sasa mama," mzee akasema, "na mimi niite kikao? Umenisonya mbele za watu."

"Nisamehe baba, nilikuwa naonyesha tu."

"Basi umeona. Sauti imetoka, na moyo wako haukuwa na ubaya. Na huyu mtoto mpe nafasi hiyo hiyo."

Kisha akamgeukia binti, na hapo hakucheka. "Na wewe mwanangu, moyo wako ukisikitika, tumia mdomo. Sema 'pole mama'. Neno lina mwenyewe. Sauti kila mtu anaichukua anavyotaka."

Binti hakurudishwa kwao. Leo mtoto anatembea, na bibi yake ndiye anayembeba mgongoni. Lakini nakwambia kweli, jioni ile kabla ya kicheko, ndoa ilikuwa imening'inia kwenye pumzi moja.

NANI ANASONYA NANI

Ukichunguza utagundua kwamba msonyo una ngazi. Mkubwa akimsonya mdogo, watu wanasema amekasirika. Mdogo akimsonya mkubwa, watu wanasema hana adabu. Mteja akisonya dukani anaambiwa ana haraka. Muuzaji akisonya, anaambiwa biashara imemshinda. Sauti ni ile ile, ila bei inategemea nani ameitoa.

Ndiyo maana walimu wengi wanauogopa kuliko kelele. Darasa zima linaweza kupiga kelele na mwalimu akatulia, lakini msonyo mmoja kutoka dawati la nyuma unasimamisha somo. Tena anayetafutwa hapatikani, maana wote wamefunga midomo.

Na si kwetu tu. Mwaka 2015 shule moja ya sekondari katika mji wa Évry, jirani na Paris, ilipiga marufuku "tchip" ndani ya eneo lake. Habari ikaenea Ufaransa nzima. Wapo waliosema ni sawa, kwa sababu msonyo ni tusi, hata kama halina herufi. Wapo waliouliza kwa nini dharau ya watoto wenye asili ya Afrika ipigwe marufuku kwa jina lake wakati dharau nyingine zinaitwa utovu wa nidhamu tu.

Mimi nawaelewa wote wawili. Mwalimu ana haki ya kuheshimiwa. Lakini pia mtoto anayesonya mara nyingi ana jambo ambalo hajapewa nafasi ya kulisema. Ukifunga msonyo bila kufungua mlango wa maneno, umefunika sufuria inayochemka.

Sheria zetu nazo hazikusahau kwamba heshima ya mtu huweza kuvunjwa bila neno. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema wazi kwamba anayekusudia kumdhalilisha mwanamke anaweza kufanya kosa hilo kwa neno, kwa sauti au kwa ishara. Kwa hiyo nyie mnaokaa vijiweni kutoa milio kila dada anapopita, msije mkasema "sikusema kitu". Sauti nayo ina kesi.

MJI WA KILA MTU

Kwa nini naona jambo hili lina uzito zaidi hapa kwetu? Kwa sababu Mpanda ni mji wa kukutana.

Wapo Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, wenyeji wa pande hizi. Wakaja watu na reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Wakaja Wafipa, Waha, na Wasukuma na mifugo yao. Katumba ikafunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi kutoka Burundi, Mishamo ikafuata mwaka 1978, na maelfu kwa maelfu ya watu wa makazi hayo baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa wake yenyewe, ikitengwa na Rukwa, na wageni wa maofisini nao wakashuka.

Watu wote hawa wanakutana sokoni na Kiswahili chao, kila mmoja na lafudhi yake. Maneno tunaelewana. Sauti na macho ndiko tunakogongana. Yule unayedhani amekusonya labda amesikitika. Yule unayedhani amekukata jicho labda kafundishwa kwao kwamba kumtazama mkubwa usoni ni ufedhuli.

Ukiona mtu ametoa sauti usiyoielewa, uliza kabla ya kukunja ngumi. Hata viboko wa Mto Katuma, wakibanana kwenye dimbwi wakati wa kiangazi, wanakoroma na kupuliza pua mchana kutwa, na sijasikia mmoja amemwita mwenzake kwa msuluhishi.

UKITAKA KUUTUMIA KIMOMBO

Haya, denti wetu, na wewe msomaji unayejifunza ung'eng'e, chukua kalamu.

Kumsonya mtu unaweza kusema "she sucked her teeth at him". Usisahau hiyo "at", bila hiyo hatujui kasonywa nani. Kijana wa London atasema "she kissed her teeth". Kwenye ujumbe wa simu wanafupisha "kmt". Sisi kwenye simu tunaandika "mfyuuu" au "mxiuuu", na ukiongeza u nyingi hasira inapanda. Kwenye barua ya kuomba kazi usitumie yoyote kati ya hizo!

Kama jambo halikubaliki katika jamii, Mwingereza anasema "it is frowned upon", yaani watu wanalikunjia uso. Sisi tunasema haliangaliwi kwa jicho zuri. Umeona? Yeye katumia paji la uso, sisi tumetumia jicho. Msemo huu ni mpole na wa jumla, unafaa kwenye mtihani na hata ofisini. Mfano: kusonya mbele ya wakubwa "is frowned upon in Mpanda". Hapo hujamtukana mtu.

Kama mtu anakidharau kitu, tuseme jamaa katoka Dar na anakataa dagaa wa Ikola, Mwingereza anasema "he turned up his nose at the fish". Pua imeinuka juu. Sisi tunasema amebetua mdomo. Mwingereza anadharau kwa pua, Mswahili anadharau kwa mdomo. Ukitafsiri neno kwa neno utapotea.

Kama ni kukataa hoja kabisa, kuna "thumbs down", dole gumba linatazama chini. Hili siku hizi kila mwenye simu analijua.

Kanuni ni moja tu: misemo ya kulaumu na kudharau inakaa mwilini. Kila lugha imechagua kiungo chake. Ukikutana na jicho, pua, meno au nyusi kwenye sentensi ya Kiingereza na maana haieleweki, acha kutafsiri kiungo. Jiulize mtu wa kwetu akijisikia hivyo anafanyaje. Ukipata picha, umepata jibu.

Nilimwambia hayo yule denti. Akafuta "alikuwa na njaa", akaandika kwa Kiingereza chake kwamba bibi alikasirika na kumdharau mjukuu kwa ulaji wake. Kisha akasema anarudi kwa mwalimu kudai maksi zake.

"Akikataa je?" nikamuuliza.

Alinitazama kidogo. Akaanza kubana midomo, akakumbuka anaongea na nani, akaiachia.

"Nitasema pole mwalimu," akajibu.

Huyo atafika mbali. Haya msomaji wangu, ni hayo tu kwa leo. Ukiwa na msemo wa kimombo unaokutoa jasho, ulete kijiweni tuuchambue pamoja. Na kama makala haya hayakukufurahisha, tafadhali, piga kidoko tu. Msonyo waachie mafundi wa bei!